Baiskeli Nzito ya Notburga

Notburga Tschenett alikuwa mwanamke mkubwa, na hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Mabega yake yalijaza mlango wa kiwanda cha maziwa cha kijiji cha Larchegg. Mikono yake ilikuwa minene kuanzia begani hadi vidoleni, mikono iliyokuwa ikigeuza magurudumu ya jibini, yale mabonge makubwa ya mviringo, ghalani tangu alipokuwa msichana. Gurudumu moja lilikuwa na uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Kila asubuhi aliyashusha, akayapangusa kwa maji ya chumvi, akayageuza na kuyarudisha rafuni. Wanaume wawili walioajiriwa kumsaidia waliacha kazi mmoja baada ya mwingine, wote wakilalamikia mgongo. Mgongo wake yeye ulikuwa mzima. Kilichomsaliti kilikuwa goti la kulia.

Watu wa bonde la Vinschgau, katika milima ya Alpi, wana jicho kali kwa mwili wa mtu. Kule nyumba zimening'inia mteremkoni na ukiangusha kiazi mlangoni unakifuata hadi kwa jirani, kwa hiyo mwembamba huhesabiwa kuwa mtu wa mlimani na mnene huhesabiwa mtu wa bondeni, hata kama wamezaliwa nyumba moja. Notburga aliyasikia hayo tangu shuleni. Mwalimu alikuwa akimwacha abaki na makoti wakati wenzake wanapanda. Siku moja aliyaacha makoti chini ya mti akapanda nyuma yao, na alipofika juu, mwekundu kama nyanya, hakumsalimia mtu. Tangu siku hiyo mlima ulikuwa wake kama ulivyokuwa wa mtu mwingine yeyote.

Na mlima ule ulikuwa na sehemu iliyokuwa yake kweli. Mwezi wa sita, Jumapili ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, mioto huwashwa kwenye vilele vyote vinavyolizunguka bonde, na kule Larchegg kila mahali pa moto ni pa nyumba fulani. Pa juu kabisa huitwa Jiwe, mwamba bapa juu ya malisho ya mwisho, na palikuwa pa nyumba aliyozaliwa Notburga. Baba yake, mfugaji na mchuuzi wa farasi, ndiye aliyewasha pale hadi alipokufa, kisha binti yake akashika kazi. Sheria ilikuwa moja. Kuni zaweza kupelekwa mapema na yeyote, hata kwa farasi. Lakini anayewasha lazima apande siku hiyohiyo kwa nguvu zake mwenyewe, asipande gari wala kile kibanda cha waya kinachobeba watalii. Na moto wake lazima uwake kengele ya kanisa inapolia jioni.

Mwaka mmoja kabla ya kisa hiki, goti lilikataa. Alifika kwenye banda la pili la nyasi, akakaa juu ya gogo, akashindwa kusimama tena. Kengele ikalia. Mioto ikawaka mmoja baada ya mwingine kwenye ukingo wote wa mlima, ila juu kabisa, pale Jiweni, palibaki peusi. Mumewe Ulrich, aliyekuwa ametangulia na kuni, alingoja mpaka akachoka, mwishowe akawasha mwenyewe, wenzao wakiwa wameshaanza kuimba. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama mbele ya kanisa kikitazama lile pengo. Notburga aliporudi hakuna aliyemsema. Ukimya huo ulimuuma kuliko matusi.

Theluji ilipoyeyuka, Kassian Telser, mzee anayesimamia mioto ya kijiji, alikuja kumtembelea. Alikula matonge mawili ya mkate kwenye supu, akasifu supu, akasifu majani ya kitunguu yaliyokuwa juu ya supu, kisha akasema alichojia. Wapo vijana wa nyumba nyingine wanaopataka Jiweni. Yeye hana haraka ya kumnyang'anya mtu, lakini pengo likitokea mwaka wa pili, hataweza tena kuwazuia.

Notburga alimuuliza habari ya baiskeli ya umeme, zile za mlimani zenye matairi mapana. Je, hiyo ni gari?

Kassian aliweka kijiko chini. Alifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba Ulrich alidhani amesinzia.

"Kama miguu yako ndiyo inayoizungusha, ni wewe unayepanda," akasema. "Lakini ikienda yenyewe huku umekaa tu kama abiria, hiyo ni pikipiki, na utaiacha kwangu getini."

Basi siku iliyofuata Notburga akaenda dukani kwa Veit Platzgummer.

Veit alikuwa mtoto wa binamu yake, kijana mwembamba mwenye miguu kama kamba zilizosokotwa, bingwa wa wilaya nzima wa kushuka mlima kwa baiskeli. Duka lake lilikuwa kando ya barabara ya bustani za matofaa, na Jumamosi lilijaa watu wasionunua kitu. Hao walikuwa na tabia moja ambayo Notburga hakuiona ajabu, kwa kuwa hata yeye alikuwa nayo. Mtu aliingia, akachagua baiskeli kwa macho, akaishika fremu na kuinyanyua. Ikinyanyuka kwa mkono mmoja, aliinamisha kichwa kwa heshima. Ikiwa nzito, aliirudisha chini kama mtu aliyenunua yai bovu. Bonde lile limebeba kila kitu mgongoni tangu enzi za mababu: nyasi, maziwa, kuni, mbolea, na hata udongo ulioporomoka na mvua, waliourudisha juu shambani kwa vikapu. Mtu wa pale hupima kitu chochote kwa swali moja tu, kwamba mgongo wake utasema nini.

Veit alimletea shangazi yake baiskeli mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, nyembamba ubavuni, mota ndogo na betri ndogo zimefichwa ndani ya fremu hata usingejua kama ni ya umeme. Ya pili ilikuwa ya nguvu kamili: fremu nene kama bomba la jiko, betri karibu mara mbili ya ile nyingine, mota kubwa kati ya pedali, diski za breki pana kama sahani za chai. Notburga akazinyanyua zote mbili, kama kila mtu. Wateja wa kutazama wakatazama.

Veit akasema hakuna haja ya kufikiri. Hii nyepesi ndiyo baiskeli ya mtu wa mlimani, ina uhai, inacheza kwenye kona. Hii nyingine ni ya watalii wanaotaka kubebwa. Mmoja wa watazamaji, jamaa mfupi aliyekuwa akitafuna mkate mkavu, akaongeza kwamba hiyo kubwa wao huiita kochi, na kwamba ukipita nayo uwanjani unapaswa kuwapungia watu mkono kama askofu. Wakacheka. Notburga akacheka pia. Kisha Veit akainama sikioni pake na kusema kitu kilichomwingia kweli.

"Na tena, shangazi, ukiwa na hii nyepesi hakuna atakayejua una mota."

Kuna aibu ambayo watu wanene hufundishwa tangu utotoni: wasionekane wakihitaji kitu. Wasile mbele za watu, wasikae kiti cha kwanza, wasiombe msaada mlimani. Wanaoifundisha huiita adabu, nayo ni dhuluma, na inafundishwa vizuri sana kiasi kwamba hata mwanamke aliyewahi kuyatupa makoti ya wenzake chini ya mti aliiamini kwa siku moja zaidi. Notburga akaichukua baiskeli nyepesi kwenda kuijaribu.

Kwenye lami aliipenda. Iliruka kama mwanambuzi. Alikata kona ya kanisa akiwa amesimama juu ya pedali, akapiga kengele, kuku wakatawanyika, akahisi miaka inamtoka mwilini. Njia ilipoingia msitu wa milarasi, miti ya jamii ya misonobari, na kuanza kuinuka, mambo yakabadilika. Mota ile huongezea tu juu ya kile ambacho miguu inatoa. Kwa Veit, mchango wake ulitosha kufanya mlima uwe mchezo. Kwa Notburga, mwenye kilo mia moja na ishirini na tatu kabla ya kuvaa viatu, mota ilitoa vyote ilivyokuwa navyo na bado sehemu kubwa ya mlima ilibaki kwa miguu, na kilichobaki kwa miguu kiliishia gotini. Aliiwasha kwenye nguvu ya juu kabisa, ikanguruma kwa bidii ya kumhurumia, na betri ikaisha kabla ya malisho ya juu. Mahali alipoishia hapakuwa mbali na lile gogo la mwaka uliopita.

Kushuka kulikuwa kubaya zaidi. Breki za diski ndogo zilianza kulia, kisha zikanuka, na kwenye kona ya mwisho alivuta breki kwa mikono yote miwili na baiskeli ikaendelea kwa hiari yake hadi ndani ya shamba la nyasi la watu. Hakuumia. Alikaa katikati ya maua ya manjano na kwa mara ya kwanza akasoma kibandiko kilichokuwa kwenye fremu, kilichosema uzito ambao baiskeli haipaswi kuzidishiwa. Ule uzito ulihesabu baiskeli yenyewe, mpandaji, nguo na mzigo, vyote pamoja. Yeye alikuwa ameuzidi kabla hata ya kufunga mkoba.

Veit alisikitika kwa dhati. Akampa maji, akaangalia breki, akakuna kichwa. Kisha, kwa upole wote wa kijana anayempenda shangazi yake, akamwambia kuwa bado kuna wiki kadhaa. Angepunguza kilo chache, baiskeli ingemfaa kabisa.

Notburga alirudi nyumbani kwa miguu, akichechemea.

Ulrich alikuwa zizini akimpiga brashi farasi wao wa mwisho, jike la rangi ya kahawia nyekundu lenye manyoya meupe ya shingoni. Notburga akakaa juu ya ndoo na kumsimulia yote, pamoja na lile neno la kupunguza kilo. Ulrich alijua mkewe anapomaliza kusimulia ndipo anaanza kufikiri. Alihamia upande wa pili wa farasi akaendelea na brashi. Notburga akawa anamtazama yule mnyama: kifua, mgongo mpana, miguu minene iliyokanyaga chini bila wasiwasi. Akamkumbuka baba yake mnadani, akiwachungulia farasi meno, akiwapapasa goti, akiwatembeza na gunia mgongoni. Akaanza kucheka peke yake mpaka farasi akageuza masikio.

Jumamosi iliyofuata alirudi dukani. Watazamaji walikuwepo, na yule mfupi wa mkate mkavu pia. Notburga akaisogeza baiskeli nyepesi kwa Veit, akaweka mkono juu ya ile kubwa.

"Baba yangu alinunua farasi maisha yake yote," akasema, "na sijawahi kumwona akimnyanyua hata mmoja."

Yule mfupi aliacha kutafuna. Veit akaitazama baiskeli iliyokuwa imeegemea ukutani kama vile imeingizwa dukani usiku bila ruhusa yake.

"Mimi sitaibeba, Veit. Yenyewe ndiyo itanibeba mimi. Sasa nitengenezee."

Veit hakuwa amemdanganya. Alikuwa amepima kwa mwili wake. Tofauti ya uzito kati ya baiskeli zile mbili haikufika hata gurudumu moja la jibini. Kwa kijana aliyekuwa mwepesi kama yeye, hicho ni kitu kikubwa, kinabadilisha kila kona. Ukikiongeza kwenye mwili wa Notburga ni kama kofia. Lakini mota yenye nguvu, betri ya kutosha, breki zinazoshika, na matairi yasiyopasuka, hivyo ndivyo vitu ambavyo mwili mkubwa huvihitaji kila hatua ya njia. Veit alipolielewa hilo, alilielewa vizuri, na mchana wote akafanya kazi bila kuzungumza. Akasoma kibandiko kwanza, kwa sauti, na safari hii akajumlisha mkoba. Akajaza upepo kwenye shokapu mpaka zikaacha kuzama chini ya shangazi yake. Akabadilisha matairi akaweka yenye kuta nene. Alipomaliza akampandisha na kumwambia asimame, akae, aruke kidogo. Haikulia.

Siku ya moto ilifika ikiwa na mbingu safi. Lakini ng'ombe hawajui Jumapili. Maziwa ya jioni yalichelewa kuletwa kiwandani, na Notburga hakuwa mtu wa kuacha maziwa yaharibike hata kwa ajili ya moto. Alipofunga mlango, jua lilikuwa tayari limeshika ncha za milima ya upande wa pili. Akaweka jibini la kwanza la majira yale mkobani, pamoja na mienge ya utomvu na kiberiti, akapanda baiskeli, akapita mbele ya kanisa. Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Kassian Telser alikuwa amekaa kwenye ngazi, darubini shingoni. Notburga hakuficha kitu. Mota ilinguruma, kila mtu akaisikia, naye akainua mkono akawapungia kama askofu.

Msituni aliweka nguvu ya kati, kama Veit alivyomwelekeza, akiitunza ile ya juu kwa ajili ya miinuko. Miguu ilizunguka kwa haraka na kwa wepesi. Goti liliuma, ndiyo, ila liliuma kama kitu kinachofanya kazi, si kama kitu kinachovunjika. Alipita banda la kwanza. Alipita la pili na lile gogo, na hakuligeuzia macho. Mahali penye mizizi aliiachia nguvu yote, baiskeli ikapanda juu ya mizizi ile ikiwa imara chini yake kama mkono uliomshika mgongoni. Jasho lilimwagika. Hakuwa abiria. Mtu yeyote aliyekuwa na macho angeliona hilo kwa namna shati lilivyomganda.

Juu ya msitu, kwenye mpaka wa malisho, alikuta uzio mpya. Wachungaji walikuwa wameujenga mwezi ule kuwazuia mbwamwitu, nyaya hadi kifuani, na kwa waendao kwa miguu waliweka ngazi ya mbao tu, ya kupanda upande huu na kushuka upande ule. Veit na wenzake wawili, waliokuwa wanakwenda kwenye moto wa jirani, walikuwa wamekwisha kuvuka na baiskeli zao nyepesi mabegani. Wakasimama upande wa pili. Jua lilikuwa limezama. Lililobaki lilikuwa ni ule mwanga wa kijivu ambao haukai.

Mmoja wa vijana akapanda ngazi kurudi kumsaidia, akaishika fremu, akavuta. Baiskeli ikainuka kidogo na kutua. Akavuta tena, safari hii uso ukabadilika rangi. Akamwambia Veit kwa sauti ya chini kwamba ingebidi waivue betri, waipitishe vipande vipande.

"Toka hapo, mwanangu, utaumia mgongo," Notburga akasema.

Akaweka mkoba chini. Akaishika baiskeli mahali pawili kama anavyolishika gurudumu la jibini lililolowa, karibu na kifua, akavuta pumzi, akaiinua. Aliiegemeza juu ya nguzo ya uzio, akapanda ngazi akitanguliza mguu mzima, akaivuta kwake, akaishusha upande wa pili taratibu, tairi la nyuma kwanza, bila kuiangusha. Kisha akarudi kuchukua mkoba.

"Shangazi," Veit akasema, "hiyo kazi ya jibini mnaajiri?"

"Tunaajiri. Lakini wewe ungepaswa kwanza kuongeza kilo chache."

Wenzake walicheka mpaka wakaegemea uzio. Veit alicheka kuliko wote, na masikio yake yakawa mekundu. Notburga alikuwa ameshaondoka.

Malisho yalikuwa wazi na mwinuko wa mwisho ulikuwa mkali kuliko yote. Pale alitumia kila kilichobaki kwenye betri na kila kilichobaki kwake. Aliwaona watu wa mioto mingine kwenye ukingo, vivuli vidogo, wengine wakiwa wameshika mienge. Alimwona Ulrich amesimama juu ya Jiwe, mikono kiunoni, pembeni ya rundo la kuni. Gurudumu la mbele lilifika kwenye mwamba, likagonga, likapanda. Aliacha baiskeli ilale. Ulrich alimtazama, akaitazama njia nyuma yake, akamuuliza iwapo jibini amelileta au amewaachia mbwamwitu. Notburga akamrushia mkoba.

Alikuwa amepiga magoti, kwa shida, akiwa na mwenge mkononi, kengele ilipoanza kule chini. Utomvu ukashika mara moja. Moto wa Jiwe ukapanda pamoja na mioto yote ya ukingo, na kutoka bondeni, dakika chache baadaye, ulisikika wimbo uliokuwa hafifu kwa umbali. Kassian alikuwa na desturi ya kutikisa taa mara moja kwa kila moto uliowaka kwa wakati, na Ulrich, mwenye macho mazuri, alikuwa akiitazama ile taa. Ikatikiswa, ikatulia, ikatikiswa tena. Ya mwisho ilikuwa ya Jiwe. Taa ikaenda huku na huku, na haikutulia upesi kama kwa wengine.

"Basi," Ulrich akasema. "Hakuna wa kupachukua."

Notburga alikata jibini vipande vinene juu ya goti lake zima, akampa mumewe, akala na yeye, wazi, kwa njaa ya mtu aliyepanda mlima. Kisha akasimama kuongeza kuni. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa mwamba uliotazama bonde, na mwanga wa moto ukakitupa kivuli chake pale, kipana na kirefu, kikafunika mwamba wote kutoka ncha hadi ncha. Bila shaka kilionekana hadi uwanja wa kanisa. Aligeuka akakiona. Angeweza kusogea hatua mbili pembeni nacho kikapungua. Alibaki palepale, akainua gogo jingine, akalitupa motoni, na kivuli kikazidi kukua.